Kabla ya Kunyoosha Mgongo, Pima Gunia

Katika mialo na masoko ya Mwanza, maumivu ya mgongo yana maelezo ambayo kila mtu anayajua: pingili zimepishana, diski imetoka, mshipa umebanwa. Kuli wa Kirumba, mama anayeanika dagaa Igombe, mkulima wa pamba wa Magu na karani wa ofisi ya mjini hueleza shida yao kwa maneno hayohayo, na maneno hayo huwaelekeza kwenye tiba ya aina moja. Kilichopinda kinyooshwe, kilichotoka kirudishwe. Ndiyo maana fundi wa kuchua hakosi wateja, mikanda ya kiuno inauzwa hadi kwenye meza za wamachinga, na video za wataalamu wa kairopraktiki wakiwageuza watu shingo mpaka mifupa ialike hupita kutoka simu moja hadi nyingine. Makala haya yanadai kwamba maelezo hayo yanatupoteza njia. Kwa watu wengi mgongo unaouma haujahama mahali pake, na kuunyoosha, hata pale kunapoleta nafuu, hakugusi kilichouumiza. Kandokando ya Ziwa Victoria cha kushughulikiwa kwanza ni kazi yenyewe: uzito wa gunia, urefu wa mpini, mahali wanapoanikwa dagaa na saa ambazo mwili unashikilia mkao mmoja. Na kwa watu wachache kuna ugonjwa ndani ya uti wa mgongo, ambao mikono ya mchuaji hata ikiwa hodari namna gani haiwezi kuutibu.

Tuanze na mgongo wenyewe. Mtoto huzaliwa na pingili 33 hivi: saba za shingo, 12 zinazoshika mbavu, tano za kiuno, tano za nyuma ya nyonga na nne ndogo za kifandugu. Akikua, zile za chini huungana na kuwa mfupa mmoja mmoja, na zinazobaki zikijongea ni zile 24 za juu. Kati yake mna diski, yaani mito ya gegedu yenye nyuzi ngumu pembeni na ute mzito katikati, na kila baada ya pingili hutoka mishipa ya fahamu inayokwenda mikononi, kifuani na miguuni. Ukiutazama mgongo wenye afya kwa ubavuni, utaona haujanyooka hata kidogo. Shingo imeingia kuelekea mbele, kifua kimetoka nyuma, kiuno kimeingia tena mbele. Kila mtu ana kiasi chake cha mipindo hiyo, kama alivyo na urefu wake, na haupo mstari mmoja sahihi ambao kila mgongo unapaswa kuufuata. Pingili zimefungwa kwa kano nene na misuli mingi kiasi kwamba kulala vibaya au kuinama ghafla hakuzifanyi zipishane. Huhama kweli pale mtu anapoanguka kutoka juu ya mwembe, anapogongwa akiwa kwenye bodaboda, au mfupa unapokuwa umedhoofishwa na maradhi au uzee. Mtu wa namna hiyo anahitaji picha na daktari, wala asiguswe na mtu wa kukisia kwa vidole.

Msomaji anaweza kupinga hapohapo: mbona picha ya hospitali ilionyesha wazi kwamba diski imechomoza na pingili zimesagika? Ni kweli picha ilionyesha. Swali ni kama hicho kilichoonekana ndicho kinachouma. Mwaka 2015 watafiti walikusanya tafiti 33 za watu 3,110 waliopigwa picha za uti wa mgongo ilhali hawakuwa na maumivu yoyote ya mgongo. Diski zilizochakaa zilionekana kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20 na kwa asilimia 96 ya wenye miaka 80. Diski zilizovimba kutoka nje ya mstari wake zilionekana kwa asilimia 30 ya wale vijana na asilimia 84 ya wale wazee. Watu hawa wote walikuwa wazima, wanatembea na kufanya kazi zao. Kwa hiyo anayepigwa picha akiwa na miaka 45 karibu hawezi kukosa kasoro fulani, na akishaambiwa jina lake ataibeba kasoro hiyo maisha yake yote kana kwamba ni hukumu. Ataogopa kuinama, ataacha kazi, atalala sana, na misuli iliyokuwa ikimshikilia italegea. Wapo ambao diski imewabana mshipa kweli, na dalili yao hujulikana: maumivu yanayoshuka mguuni hadi chini ya goti, pamoja na ganzi au udhaifu wa mguu huo. Hata hao, wengi hupata nafuu katika wiki au miezi michache bila kupasuliwa. Lakini wengi wa wanaolalamikia kiuno, madaktari hukadiria hadi tisa kati ya kumi, hawana mfupa wala diski moja inayoweza kunyooshewa kidole.

Wazo kwamba maradhi hutokana na pingili iliyoacha mahali pake lina historia, na historia hiyo inafaa kujulikana. Mwaka 1895, katika mji wa Davenport, jimbo la Iowa nchini Marekani, Daniel David Palmer, aliyekuwa akitibu watu kwa kile alichokiita nguvu za sumaku, alidai kwamba alimrudishia uwezo wa kusikia mfanyakazi wa usafi aitwaye Harvey Lillard kwa kuisukuma pingili moja ya mgongo wake. Kutokana na tukio hilo alijenga nadharia kwamba karibu kila ugonjwa huanza pale pingili inapojisogeza na kuzuia nguvu za mwili zisipite kwenye mishipa ya fahamu, na baadaye akafungua chuo. Hiyo ndiyo asili ya kairopraktiki, taaluma ambayo leo ina vyuo vikuu na leseni katika nchi nyingi, na ambayo wafuasi wake katika Afrika Mashariki ni wachache na wengi wako katika miji mikubwa. Tangu siku za Palmer, hakuna aliyeweza kuthibitisha kwamba kuna pingili iliyojisogeza kidogo namna hiyo na kusababisha maradhi. Mwaka 2010 baraza linalosimamia wataalamu hao nchini Uingereza lilitamka kwamba dhana hiyo ni ya kihistoria na kwamba hakuna utafiti wa tiba unaoruhusu kudai kuwa ni chanzo cha ugonjwa. Na ule mlio unaowafurahisha watazamaji hauna uhusiano na mfupa kurudi nyumbani. Ni gesi inayofanya kiputo ndani ya majimaji ya kiungo kinapotanuliwa ghafla, sawa na ile ya kualisha vidole.

Hata hivyo, haitakuwa haki kusema kwamba mikono ya mnyooshaji haina kazi. Wapo wengi watakaoapa kwamba waliingia wameinama wakatoka wima, na ushuhuda wao una ukweli ndani yake. Mwaka 2019 jarida la tiba la Uingereza, BMJ, lilichapisha uchambuzi wa majaribio 47 yaliyohusu watu zaidi ya 9,000 wenye maumivu ya kiuno ya muda mrefu. Kunyooshwa mgongo kulileta nafuu inayolingana na ile ya mazoezi na tiba nyingine zinazokubalika, wala hakukuzipita. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 nao umeiweka tiba ya kunyoosha na ya kukanda miongoni mwa huduma zinazoweza kutolewa, zikiambatana na elimu na mazoezi. Kwa hiyo nafuu ipo, ila sababu yake ni nyingine. Kiungo kikitanuliwa na misuli ikikandwa, mishipa ya fahamu hupunguza kelele za maumivu kwa muda na mtu anapata ujasiri wa kujongea. Tena maumivu ya kiuno hupanda na kushuka yenyewe, na watu huenda kwa mganga siku yamepanda zaidi, hivyo yakishuka sifa humwendea mganga. Kosa huanza pale mteja anapoambiwa arudi kila wiki mwaka mzima ili pingili zisitoke tena, au shingo inapogeuzwa kwa nguvu, jambo ambalo mara chache sana limepasua mshipa wa damu uendao ubongoni na kuleta kiharusi. Anayekanda kwa utaratibu na kumrudisha mtu kwenye mwendo anasaidia. Anayeuza hofu ya mfupa uliohama anamfunga mteja wake.

Nadharia ya mfupa uliopinda ina ndugu yake: ile inayosema kwamba tunaumwa kwa sababu hatukai wima. Hapa kanda yetu ina ushahidi wake, na ushahidi huo unashangaza. Wahadzabe, wanaoishi kuzunguka Ziwa Eyasi hadi upande wa Meatu mkoani Simiyu, walifanyiwa utafiti uliochapishwa mwaka 2020. Walionekana kupumzika karibu saa kumi kwa siku, muda unaokaribiana na wa watu wa mijini katika nchi tajiri. Tofauti ilikuwa katika namna ya kupumzika: wanachuchumaa, wanapiga magoti, wanakaa chini, wanabadilika, na misuli yao inaendelea kufanya kazi kidogo kidogo. Mgongo wa anayechuchumaa umepinda, si wima, lakini haujasahauliwa. Waliolinganisha mikao na maumivu katika tafiti nyingi hawakupata mkao mmoja unaoweza kuitwa chanzo cha kiuno kuuma. Kinachoelekea kuchosha mgongo wa karani, fundi cherehani au dereva wa daladala ni kudumu katika mkao huohuo, uwe mzuri au mbaya, saa baada ya saa. Ushauri unaomfaa ni kuinuka kila nusu saa, kujinyoosha na kutembea, kuliko kujikaza wima kama mwanajeshi kwenye gwaride hadi misuli ianze kuwaka moto.

Mfano mwingine ni kubeba kichwani. Mwaka 1986 jarida la kisayansi la Nature lilichapisha vipimo vya wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu wa Kenya waliokuwa wakitembea na mizigo. Watafiti walikuta kwamba waliweza kubeba hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili wao bila mwili kutumia nguvu ya ziada inayoweza kupimika. Wajaluo ni watu wa ziwa hilihili, na wengine wanaishi mkoani Mara, jirani na Mwanza. Wapo wanaouchukua utafiti huo kuwa uthibitisho kwamba mama zetu wana mgongo wa chuma na hawahitaji kupunguziwa kitu. Hesabu inakataa. Asilimia 20 ya mwanamke mwenye kilo 60 ni kilo 12, na ndoo ya lita 20 ikijaa maji ni zaidi ya kilo 20, yaani theluthi ya uzito wake. Juu ya kiwango kile cha asilimia 20, utafiti huohuo ulionyesha kwamba gharama ya nguvu huanza kupanda. Na watafiti waliowapima wabebaji wa kusini mwa Afrika baadaye hawakuiona nafuu hiyo kwa kila mtu. Wengi walilalamika shingo. Kwa mama anayepandisha ndoo kwenye vilima vya mawe vya Mabatini au Igogo, akitumia ngata na shingo yake, ustadi ni wa kweli na mzigo nao ni wa kweli. Bomba la maji lililofika karibu na mlango litamfaa mgongo wake kuliko mafunzo yoyote ya namna ya kusimama.

Hapa ndipo mkao na uzito vinapokutana, na maelezo yake ni hesabu ya kawaida. Misuli inayouinua mgongo imeshika karibu sana na mhimili wa pingili za kiuno, sentimita tano hivi. Mtu akiinama akashika mzigo wa kilo 20 ulio sentimita 40 mbele ya mhimili huo, mzigo uko mbali mara nane kuliko misuli, na misuli hulazimika kuvuta kwa nguvu inayolingana na kilo 160. Uzito wa kifua, kichwa na mikono bado haujaingia kwenye hesabu hiyo. Nguvu yote hiyo huishia kuzibana diski za kiuno. Mzigo huohuo ukikumbatiwa karibu na tumbo, umbali hupungua na nguvu inayohitajika hupungua pamoja nao. Huko Sydney, Australia, watafiti waliwahoji watu 999 waliopatwa na maumivu ya ghafla ya kiuno, wakalinganisha saa chache kabla ya maumivu na nyakati nyingine za watu haohao. Kubeba katika mkao mbaya kuliongeza uwezekano wa kuumia mara nane, na uchovu uliuongeza zaidi ya mara tatu. Mkao, basi, una maana kubwa pale penye mzigo na uchovu. Palipo na kiti na chai hauna maana tunayoipa.

Sasa tuliangalie gunia. Shirika la Kazi Duniani, katika pendekezo lililoambatana na mkataba wake wa mwaka 1967 kuhusu uzito wa mizigo, lilisema kwamba mwanamume mzima akibebeshwa kwa mikono zaidi ya kilo 55, hatua zichukuliwe haraka kuushusha uzito huo. Taasisi ya Marekani inayotafiti afya kazini ilikwenda mbali zaidi: katika mazingira bora kabisa, mzigo ukiwa karibu na mwili na mbebaji hajajipinda, inapendekeza usizidi kilo 23. Kwetu, kanuni za vipimo zinataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Kiwango hicho chenyewe kinakaribia mara mbili ya kile cha kimataifa, na lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi, hukivuka hata hicho. Wakala wa Vipimo umekuwa ukipiga vita lumbesa kwa sababu inamwibia mkulima, anayelipwa bei ya gunia moja kwa mzigo wa gunia moja na nusu. Sababu hiyo ni nzuri, lakini imeacha nje mtu wa tatu katika biashara hiyo. Mnunuzi anapata ziada, mkulima anapoteza, na kuli anaibeba ziada hiyo kwenye pingili zake, juu ya ubao mwembamba unaotoka kwenye boti kwenda mchangani, miguu ikiwa imelowa. Lumbesa inastahili kujadiliwa kama suala la afya, na kilo 100 nazo zinastahili kuulizwa.

Zana nazo zinaweza kubadilishwa, na dunia imeshaona mfano. Mwaka 1975 jimbo la California lilipiga marufuku jembe la mpini mfupi, ambalo wapaliliaji wa mashamba ya mboga, wengi wao wenye asili ya Mexico, walilazimishwa kulitumia wakiwa wamejikunja siku nzima. Madaktari walitoa ushahidi kuhusu migongo iliyoharibika kabla ya umri wake. Wenye mashamba walidai kwamba bila jembe hilo kazi ingeharibika, lakini kilimo cha California kiliendelea. Usukumani plau ya ng'ombe ilikwisha kuondoa sehemu kubwa ya kazi ya kuinama wakati wa kulima, ila palizi bado ni ya jembe la mkono na mara nyingi ni ya wanawake. Mpini mrefu unaomfaa mtumiaji na jembe la palizi la kukokotwa na ng'ombe ni tiba bora ya kiuno kuliko dawa nyingi za kuchua. Mwaloni, wataalamu wa uvuvi wamekuwa wakihimiza dagaa waanikwe juu ya vichanja badala ya mchangani, ili wasiwe na mchanga na wapate bei nzuri. Kichanja kilichofika kiunoni kina faida ya pili isiyotajwa: anayetandaza, kugeuza na kuanua dagaa hainami tena hadi chini mamia ya mara kwa siku. Faida ya soko na ya mgongo zinakuja kwa gharama ileile ya mbao na nyavu.

Kuna pingamizi zito kutoka kwa sayansi yenyewe. Huko Finland watafiti waliwafuatilia mapacha kwa miaka mingi, wengine wakifanya kazi nzito na ndugu zao wakifanya kazi nyepesi, wakakuta kwamba kuchakaa kwa diski kulitegemea zaidi urithi kuliko kazi. Na kila mwalo una mzee aliyebeba magunia miaka 30 bila kulalamika. Je, si ushahidi kwamba mzigo hauna hatia? Jibu lina sehemu mbili. Kwanza, tumeshaona kwamba diski iliyochakaa na mgongo unaouma ni mambo mawili tofauti, hivyo kuonyesha kwamba kazi haikuichakaza diski hakuonyeshi kwamba kazi haikuleta maumivu. Na mzee yule ni mmoja aliyebaki. Walioumia walikwisha kurudi vijijini, hawapo mwaloni wahesabiwe. Pili, na hili ndilo kubwa, hata kama maumivu yangewapata watu wote sawasawa, kazi ndiyo inayoamua maumivu hayo yatamfanya nini mtu. Karani mwenye kiuno kinachouma huinuka, hutembea kidogo, huendelea na mshahara wake haupungui. Kuli mwenye kiuno kilekile hukosa chakula cha siku hiyo, au hubeba hivyohivyo hadi maumivu ya wiki mbili yawe ya miaka. Maumivu ya kiuno yanaongoza duniani kwa kuwapotezea watu uwezo wa kufanya shughuli zao. Mwaka 2020 yalikadiriwa kuwapata watu milioni 619. Nyuma ya idadi hiyo, mtu mmoja hupona na mwingine hulemaa kwa sababu ya masharti ya kazi yake, sawa na kwa sababu ya mgongo alionao.

Pingamizi la mwisho hutoka kwa kuli mwenyewe. Analipwa kwa gunia. Gunia likiwa dogo, malipo yatakuwa madogo, na safari zitaongezeka. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na ni rahisi kwa mwandishi kushauri upunguzwe mzigo ambao si yeye anayelishwa nao. Lakini pingamizi hili linahusu namna ya kulipa kuliko uzito. Malipo yakihesabiwa kwa kilo, kila mtu atalipwa alichobeba, na lumbesa itakosa faida kwa sababu kila kilo ya ziada itagharimu. Mizani tayari ipo sokoni kwa ajili ya samaki na pamba. Toroli na guta hazimfukuzi mbebaji kazini. Zinamruhusu kuendelea kufanya kazi akiwa na miaka 50. Pia kuna suala la fidia. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 iliunda mfuko, ulioanza kazi Julai 2015, wa kuwahudumia walioajiriwa wanaoumia kazini. Anayelipwa na wafanyabiashara kumi tofauti kwa siku moja hana mwajiri wa kumchangia, na hivyo mtu mwenye kazi nzito kuliko wote ndiye aliye mbali zaidi na mfuko huo. Vikundi vya wabeba mizigo vya mialoni na masokoni, ambavyo tayari vinapanga zamu na bei, ndivyo mahali pa kuanzia kudai ukomo wa uzito na namna ya kuingia katika mfumo huo.

Yote haya yanahusu mgongo wa kawaida unaouma. Ukanda wa ziwa una maradhi yanayojificha nyuma ya maumivu yaleyale, na hapa kuchelewa kwa mchuaji kunaweza kugharimu miguu ya mtu. Kifua kikuu hakiishi mapafuni peke yake; kinaweza kula pingili polepole hadi zibonyee na kuacha kibiongo, kikiambatana na homa za jioni, jasho la usiku na kukonda. Kichocho, kinachopatikana katika maji ya ufukweni, mara chache hupeleka mayai yake kwenye uti wa mgongo, na kijana mzima akaanza kwa maumivu ya kiuno, kisha miguu kulegea na mkojo kukataa. Ugonjwa wa kutupa mimba wa ng'ombe humfikia binadamu kwa maziwa mabichi na hupenda viungo vya kiuno. Kwa mwanamume mzee, saratani ya tezi dume inaweza kujitangaza kwa mara ya kwanza mgongoni. Maumivu yanayomwamsha mtu usiku, homa, kukonda, udhaifu wa miguu, ganzi sehemu za siri, kushindwa kuzuia au kutoa haja, au maumivu yaliyoanza baada ya kuanguka ni dalili za kwenda kituo cha afya siku hiyohiyo na, ikibidi, hospitali ya rufaa ya Bugando. Dalili hizi zikiwapo, mfupa usiguswe wala kuvutwa na mtu yeyote kabla ya vipimo.

Kwa wengine wote, ushauri ni mwepesi kuliko tunavyotarajia. Kulala siku nyingi kunadhoofisha. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1986 ulionyesha kwamba waliopumzishwa kitandani siku mbili hawakupona vibaya kuliko waliolazwa siku saba, na walirudi kazini mapema. Anayeweza kutembea atembee, apunguze mizigo kwa muda bila kuacha shughuli zote, kisha aongeze polepole. Mwaka 2024 jarida la The Lancet lilitoa matokeo ya jaribio la Australia la watu 701 waliokuwa wametoka kupona kiuno. Waliofundishwa kutembea mara kwa mara katika wiki, hadi nusu saa kwa mara moja, walikaa siku 208 kabla ya maumivu kurudi, ilhali wasiofundishwa walikaa 112. Ushauri huo unamfaa karani na mwenye duka, kwani kuli hana upungufu wa mwendo. Yeye anahitaji kupumzika katikati ya kazi na kulala vya kutosha. Mkanda wa kiuno haumo katika yanayopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Mwongozo wake unashauri usitumike kama tiba ya kawaida. Diklofenaki ya dukani inapunguza maumivu kwa siku chache, lakini ikimezwa miezi mfululizo huchubua tumbo na kuumiza figo. Mtaalamu wa fiziotherapia, ambaye chuo cha KCMC Moshi kimekuwa kikimwandaa kwa miongo mingi, atamfundisha mgonjwa mazoezi atakayoyafanya mwenyewe nyumbani. Huyo ndiye wa kutafutwa kabla ya anayeahidi kumaliza kila kitu kwa mkono mmoja.

Kila mtu ana haki ya kukandwa akichoka, na fundi mwenye mikono mizuri ataendelea kuwa na nafasi yake. Ila jamii inayoamini kwamba mgongo umetoka mahali pake itaendelea kumpeleka kuli huyohuyo kwa mnyooshaji kila mwezi na kumrudisha chini ya gunia lilelile kesho yake. Wenye uwezo wa kubadilisha hali hiyo wanajulikana: wanaotunga kanuni za vipimo, halmashauri zinazojenga masoko na mialo, wanunuzi wanaopanga namna ya kulipa, na vikundi vya wabebaji vyenyewe. Gunia la kilo 50 linalopimwa na kulipiwa kwa kilo, kichanja cha kufika kiunoni, mpini unaomtosha mpaliliaji na maji yanayofika mlimani havihitaji ujuzi wa kuhisi mfupa kwa vidole. Vinahitaji uamuzi, na kipimo cha kwanza cha uamuzi huo ni uzito unaoandikwa kwenye kanuni.